Mwenye Nyumba wa Malinya

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki mtu anikatize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwili huu huu, mchana, mvua ikinyesha. Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimefunga kula kwa maombi, wala sikuwa na homa. Watu wanapenda kusema mizuka ni ya usiku. Nani aliwaambia? Huyu wangu alikuja kabla ya saa ya chai, akaketi, akadai chakula.

Na usidhani mimi ni mtu wa kudanganyika. Kazi yangu ni kukataa kudanganywa. Katika jumba la sanaa la taifa, mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza wale wanaochagua kazi za kununuliwa, wanaozitunza, na wanaoamua zionyeshwe wapi na kwa maneno gani. Wanaume wa suti wameniletea vinyago "vya zamani za mababu" ambavyo rangi ya viatu haijakauka. Nikinusa tu, najua. Sasa mtu kama mimi nitunge hadithi ya mzuka ili nipate nini? Nilichopata ni kusimamishwa kazi.

Haya, sikiliza. Kule Malinya, upande wa Kakamega, kulikuwa na mzee anaitwa Muchesia. Ujanani alikata miwa, baadaye akaacha panga akashika udongo. Alikuwa na nyumba ya msonge, na kuta zake zote, ndani na nje, alizichora kwa udongo mwekundu, majivu na masizi: mafahali wanapigana, watu wanakimbia, akina mama wanapiga vigelegele. Nimeona picha nyingi maishani mwangu, na nakuambia bila aibu, mara ya kwanza kuingia mle ndani nilitokwa na machozi. Kila ukuta aliuwekea alama ya kiganja chake cha kushoto, vidole vinne tu, kwa sababu kidole cha mwisho kilibaki kwenye miwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Alipokufa, mkurugenzi wetu alikimbia Malinya mbio mbio. Wakati huo mimi nilikuwa bado sijaajiriwa pale. Akaketi na wazee wa ukoo, wakakubaliana kwamba nyumba sasa ni ya taifa, itabaki pale pale ilipo, itazungushiwa ua, na hakuna kitu kitakachoguswa. Wazee wakapewa kofia na viti vya plastiki. Mjane, Mama Selina, hakuulizwa hata kama ana la kusema. Alihamishiwa chumba kimoja kando ya jikoni, ndani ya boma lake mwenyewe! Na mkurugenzi, ambaye kwao ni mbali na desturi zetu anazijua kwa kuzisoma, aliposema hakuna kitu kitakachoguswa, alimaanisha pamoja na shisuli.

Ngoja nikueleze shisuli. Kwetu, juu kabisa ya paa la msonge huchomoza kijiti. Kikiwa kimesimama, kinasema mwenye nyumba yupo. Akifa, watu wa ukoo hupanda wakaking'oa, na tangu siku hiyo hata mpita njia anajua kwamba mwenyewe ameenda na huyu mama ni mjane. Basi, ni hilo tu. Mimi nimezaliwa Khayega, na hata mtoto wa Khayega anayechunga mbuzi analijua. Lakini wazee wale na kofia zao walinyamaza. Na wataalamu wetu, eti kwa kuhifadhi, walipanda juu si kuking'oa bali kukitibu! Wakakipaka dawa ya mchwa, wakakiandika nambari ndogo nyeupe, wakakifunga kwa waya kisitikisike, wakashuka wakipongezana. Jameni!

Nilipochukua ile kazi, nilisema jambo hilo kwenye mkutano wangu wa kwanza kabisa. Mkurugenzi akatabasamu. "Madam, hicho kijiti ndicho kiko kwenye bango la maonyesho." Nikaliacha. Nilifikiri ni jambo la heshima tu kwa marehemu, kumbe kulikuwa na mtu analiwa.

Siku yenyewe nilienda kupanga nyumba kwa ajili ya ufunguzi. Nilikuwa na fundi wa taa, kijana mmoja wa huko huko anaitwa Ambetsa. Tulipofika Mama Selina alitoka jikoni kutusalimia, na nilishtuka. Mara ya mwisho nilimwona mwanamke mwenye mwili wake. Sasa nguo ilikuwa inamning'inia, na mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, unaumwa?"

"Niko sawa, mwanangu," akasema, akarudi jikoni haraka haraka.

Mvua ya Kakamega unaijua, haikosi miadi. Ilipoanza, Ambetsa alikimbilia gari, mimi nikaingia ndani ya msonge. Nikawa natazama kile kiti cha mzee cha miguu mitatu, ambacho tulikuwa tumekizungushia kamba ili wageni wasikikalie. Hapo ndipo mtu akaingia.

Mzee mrefu, koti jeusi, gambuti miguuni. Kitu cha kwanza nilichoona, na niamini, nilikiona kabla sijaogopa, ni kwamba alikuwa mkavu. Nje maji yalikuwa yanamwagika, hata mlango hauonekani vizuri, lakini koti lake halikuwa na tone.

"Mulembe, mzee," nikamwambia.

Salamu hakuitikia. "Nani amefunga kamba kwa kiti yangu?"

"Hicho hakikaliwi, mzee. Ni cha maonyesho."

"Kiti haikaliwi? Sasa ni ya nini?"

Aliinua kamba, akaketi, akanyoosha miguu. "Wewe ni msichana wa wapi?"

Msichana! Mimi na mvi zangu. "Khayega," nikasema.

"Msichana wa Khayega, na unanyima mtu kiti kwake." Akageuza uso mlangoni, akaita kwa sauti kubwa, "Selina! Chakula!"

Hapo damu ilinichemka. Nilidhani ni shemeji. Wale mashemeji unawajua, ndugu akishafukiwa tu wanakuja kupasha kiti moto na kuamrisha mjane. Nikamwambia wazi, "Mzee, usimpigie kelele mjane wa watu. Huyo mama ni mgonjwa."

"Mjane?" Akacheka. "Mjane ya nani? Toka nje uangalie juu ya nyumba, halafu urudi uniambie mjane ni nani."

Kabla sijamjibu, Mama Selina aliingia na sahani iliyofunikwa, mvua imemlowesha mpaka mifupa. Akapiga magoti. Akaweka sahani chini, obusuma, yaani ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda, mvuke unapanda. Macho hakuyainua hata kidogo. Na yule mzee, kwa uvivu wa mtu aliye kwake, akaegemeza mkono wa kushoto ukutani. Kiganja kilitua juu ya kile kiganja kilichochorwa. Vidole vinne juu ya vidole vinne, na pale palipokosekana kidole, pamekosekana.

Unajua nimekaa siku ngapi na kile kiganja? Nimekipima, nimekipiga picha, nimeandika juu yake kurasa nzima. Hakuna mtu duniani ambaye angenidanganya kuhusu mkono ule.

"Hao watu wako wa Nairobi ni wazuri," Mzee Muchesia akaniambia, kama tunapiga gumzo. "Walinipaka dawa. Hata mchwa hainigusangi. Nikiwa mzima mgongo ilikuwa inaniuma. Sasa siskii kitu, ni njaa tu."

Akaweka mkono juu ya sahani. Hakumega wala hakutafuna. Mvuke ulikatika tu, papo hapo, na kile chakula kikawa kimelala pale bila moto. "Toa," akasema. Mama Selina akaitwaa sahani akatoka. Nami nikatoka nyuma yake nikikimbia kwenye mvua, kiatu kimoja nimekiacha matopeni, usiniulize.

Jikoni nilimkuta ameketi kando ya moto, anakula kutoka sahani ile ile. Akanisogezea. "Onja."

Nikamega. Wee! Ule haukuwa ugali. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Mrenda haukuwa na chumvi, haukuwa hata na ladha ya mrenda.

"Ni hivyo tangu tumzike," akasema. "Anakula kwanza. Nikipika kidogo, anakula. Nikipika sufuria mbili, anakula zote. Nikiletewa na jirani, ikifika kwa mkono yangu imeisha utamu. Daktari wa hospitali amenipima kila kitu, akasema sina ugonjwa, nile vizuri." Akacheka kicheko kikavu. "Nakulanga, mwanangu. Nakulanga sana. Haiingii."

Nilimshika mkono, na vidole vyangu vilizunguka kifundo chake vikakutana vikapitana. Nikamuuliza kwa nini asiende kwa binti yake kule Lugari, ambaye nilijua amemwomba aende akakae naye.

"Nilienda. Nilifika stendi tu. Akaita, miguu ikarudi. Mimi si mjane, na yeye hajaenda. Nitamwacha mume nyumbani niende wapi?" Akapangusa macho kwa kanga. "Alipokufa nililia. Nilimpenda, usione hivi. Miaka yote aliita hivyo hivyo, 'Selina, chakula,' nikapeleka. Lakini nilijua kila mtu siku moja anachokanga kuita."

Sasa nikuulize wewe. Mwanamke amepika maisha yake yote, amezika, ameombwa na mtoto wake aende akapumzike, halafu serikali inakuja na dawa ya mchwa kuhakikisha njaa ya mumewe haiozi! Hasira iliyonishika pale jikoni sijawahi kuipata, si kabla, si baada. Uoga wote ulikimbia.

Nikampigia mkurugenzi. Nikamweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Unajua alisema nini?

"Madam, hiyo ni hadithi nzuri sana! Iandike. Tutairekodi, wageni wawe wanaisikiliza wakizunguka nyumba."

"Bwana Mkurugenzi, huyu mama anakufa njaa."

"Basi mpelekeeni unga. Tuna fungu la kusaidia jamii."

Unga! Nikamwambia ninang'oa shisuli. Akaacha kucheka. Akasema nikigusa mali ya taifa nisijisumbue kurudi ofisini, akakata simu.

Mvua ilikuwa imepungua ikabaki manyunyu. Nikamwambia Ambetsa ashushe ngazi. Aliposikia ya nini, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Madam, mimi si wa ukoo huu. Nikigusa hiyo kitu, nitawajibu nini? Na wewe huwezi kupanda, mwanamke hapandangi nyumba."

Kweli, kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Ni mwiko, na mama yangu angekuwa hai angejishika kichwa. Lakini wanaume waliopaswa kupanda walikuwa wamekalia viti vya plastiki. "Basi wewe shika ngazi tu," nikamwambia. Akaishika, macho ameyafumba kabisa.

Nilikuwa nimefika nusu, sketi nimeikunja, nikasikia sauti chini yangu. Mzee Muchesia alikuwa amesimama mlangoni pake, ananitazama. Hakuwa anacheka tena.

"Shuka."

Nikaendelea kupanda.

"Wewe msichana! Kazi yako si kutunza? Si hiyo ndiyo ulisomea? Vitu visiharibike, visiishe? Basi nitunze."

Nakwambia ukweli, neno lile liliniingia. Maana ndiyo kazi yangu hasa. Maisha yangu yote nimepigana na mchwa, na unyevu, na moshi, na watu wanaotaka kutupa vitu. Na mtu yule alikuwa na mkono ambao sitauona tena. Nilisimama pale kwenye ngazi, nyasi za paa zimelowa usoni mwangu, na kwa muda sikujua nitafanya nini. Kisha nikamsikia Mama Selina jikoni anakohoa, kikohozi cha mtu asiye na kitu tumboni.

"Kuta zako nitazitunza mpaka nife, mzee," nikamjibu kwa ukali. "Lakini mama wa watu si ukuta. Umekula vya kutosha. Lala!"

"Nina njaa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kusihi, ya mtu mzima anayeona aibu kuomba. Nilimhurumia, si uongo. Lakini nilipanda.

Waya wa wataalamu wetu ulikuwa umekazwa kwa koleo. Niliufungua kwa vidole, ukanichana kiganja, hii hapa alama yake, tazama. Nikakishika kile kijiti kwa mikono miwili nikakivuta, nikalaani, nikakivuta tena, kikatoka. Sikusikia radi wala kilio. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Niliposhuka nikaingia ndani. Kile kiti cha miguu mitatu kilikuwa kimelowa chepechepe, na chini yake dimbwi la maji linazidi kutambaa sakafuni. Paa halikuwa linavuja. Ni kama mvua yote iliyokuwa haimgusi ilimpata pale kwa mara moja.

Mama Selina alikuwa amesimama nje, ameona. Alininyang'anya shisuli mkononi, akaingia nayo jikoni, akaisukuma kwenye moto chini ya sufuria. Mimi, mkuu wa watunzaji wote wa sanaa wa taifa hili, nilisimama nikatazama ile nambari yetu nyeupe ikishika moto. Sikunyoosha mkono. Akapika upya, akapakua, akakaa chini. Akaweka tonge mdomoni, akatulia.

"Chumvi imezidi," akasema. Akaanza kulia, analia huku anakula, mpaka sufuria ikabaki nyeupe.

Kesho yake wanawake wa kanisa walikuja wakamnyoa nywele, wakamwombea kama mjane mwingine yeyote, na binti yake akaja kumchukua. Yuko Lugari. Nilienda kumwona msimu wa mahindi, nikakuta mashavu yamerudi. Alinikatalia kuondoka bila kuchinja ingokho, kuku wa kienyeji, na nilipotaka kusaidia kupika aliniambia niketi, yeye sasa anapika akipenda.

Mimi niliitwa mbele ya kamati. Nilieleza kama nilivyokueleza wewe. Unafikiri waliuliza nini? Kama nilikuwa na kibali cha kutumia ngazi! Watu wazima, miwani puani! Hakuna hata mmoja aliyeuliza hali ya yule mama. Mpaka leo nipo nyumbani, nasubiri uamuzi wao, na kiganja hiki mvua ikitaka kunyesha kinawasha.

Na ningekuwa nimeyaacha hapo. Kazi ni kazi tu, nitapata nyingine. Lakini mkurugenzi hakuridhika. Bango lina shisuli, kwa hiyo lazima nyumba iwe na shisuli. Akaagiza fundi wa mbao achonge nyingine inayofanana, ikapakwa dawa, ikafungwa kwa waya, siku ya ufunguzi wakubwa wakapiga makofi. Nilimwandikia, nilimpigia simu, nilimtumia watu. Akasema hii si ya Muchesia, hii ni mfano tu. Kana kwamba juu ya paa kuna mahali pa kuandika "mfano tu"! Nyumba ni yake, kijiti kimesimama, basi yupo.

Juzi Ambetsa alinipigia. Wamefungua hoteli ndogo pale bomani, kwenye jikoni ile ile, wageni wauziwe obusuma na ingokho. Wamemwajiri mwanamke kutoka Khwisero, jina lake Mildred, mama wa watoto wadogo. Ambetsa anasema anapika kwa bidii lakini wageni wanalalamika chakula hakina ladha. Anasema nguo zimeanza kumpwaya. Na siku hiyo, akiwa anaosha masufuria, aliinua kichwa ghafla, akajifuta mikono, akasema, "Nakuja." Hakuna aliyekuwa amemwita.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Ukifiwa, lia, zika, kisha mwachie mtu wako njia aende, na usikubali mtu mwenye kofia za bure akwambie kumshikilia ndiyo heshima. Na ukipita Malinya, usianze na zile picha za mafahali, ingawa ni nzuri kuliko ninavyoweza kusema. Pitia jikoni kwanza. Muulize Mildred mara ya mwisho kushiba ilikuwa lini. Mwambie aache sufuria motoni, achukue watoto, arudi Khwisero leo hii, na njiani akisikia sauti ya mwanamume inaita jina la mwanamke mwingine, asigeuke, asijibu.